Fusae na Goti Lililofika Ukingoni

Saa kumi na moja jioni, Isogai Fusae anapiga magoti nje ya chumba cha wageni, katika nyumba ya wageni yenye chemchemi ya maji ya moto huko Yamanaka, Japani. Anaweka trei ya chai sakafuni, kisha anasukuma mlango wa karatasi kwa ncha za vidole. Wageni watatu wanageuka. Nyuma yake kwenye korido, mwenye nyumba, Bi. Tatsue, anatazama magoti ya Fusae tu.

Leo ndiyo leo. Akishindwa kukalia visigino vyake mpaka chai imalizike kumiminwa, hatarudi tena vyumbani. Atabaki jikoni.

"Jikoni kuna joto, dada. Utanenepa!" mwenzake Natsuko alimtania asubuhi.

"Ninenepe nani anione? Sahani?"

Fusae, miaka hamsini na sita, ameifanya kazi hii tangu usichana wake. Goti la kulia lilipoanza kuuma, alificha. Chini ya kimono, vazi lake refu la Kijapani, alitanua miguu, akakaa katikati yake. Nguo ilimsitiri, goti likavimba.

Mtaalamu wa viungo, kijana Kuga, ndiye aliyemwonyesha picha ya eksirei inayosogea: goti lake mwenyewe likikunjwa.

"Nilidhani goti ni bawaba ya mlango," anasema Fusae kila anapoisimulia siku ile, sauti ikishuka. "Kumbe mfupa wa paja unabingirika kwenda nyuma, na papo hapo unateleza kurudi mbele, usije ukadondoka. Muundi nao, mfupa wa chini ya goti, unajizungusha kwa ndani. Na ile pia ya goti inateleza kwenye mfereji wake, kimya kabisa. Nilifunika mdomo."

Goti lilipokunjwa zaidi, upande wa nje wa mfupa wa paja ulifika ukingoni mwa muundi.

"We kijana, unaanguka huo!" alipiga kelele.

"Hauanguki, mama," Kuga alicheka. "Ila ukitanua miguu, unauzuia muundi usizunguke. Kaa ulivyofundishwa ulipoanza kazi, kidole gumba cha mguu mmoja juu ya kile cha mwingine."

Baada ya miezi ya mazoezi, sasa, mbele ya wageni, anashuka taratibu. Vidole gumba vinapandana. Jasho linamtoka. Visigino vinampokea. Anamimina kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anainuka bila kushika ukuta.

"Chumba cha juu nacho kina wageni," anasema Bi. Tatsue, na kuondoka zake.

Fusae anataka kumwomba awafundishe wasichana wapya wa kazi namna ya kukaa.

"Nitawaambia wasijibwage," anasema. "Shuka polepole, mwanangu. Mle ndani kuna mfupa unatafuta njia."