Sala ya Kuingilia Skuli

Zulia la ofisi ya mwalimu mkuu lilinuka gundi mpya na vumbi la chaki, na ninalijua hilo kwa uhakika kwa sababu nililigusa kwa paji la uso. Jambo hili nimelikana kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nimelikana mbele ya binamu zangu, mbele ya mume wangu, hata mbele ya mwanamke mmoja kwenye foleni ya benki mjini Nizwa, aliyenikazia macho kisha akaniuliza kama si mimi yule msichana wa Birkat al Mauz aliyesali ofisini kwa mudira. Nilimwambia amenifananisha. Sasa nimefika umri ambao mtu hana tena haiba kubwa ya kuilinda, basi acha niseme: ndiyo, ni mimi. Siku ya kuandikishwa skuli, saa nne ya asubuhi, bila ya kuombwa na mtu yeyote, nilisimama katikati ya ofisi ya serikali nikafunga sala, huku nimeelekea friji.

Aliyenifikisha hapo ni Bibi Zuwena, mama yake baba yangu. Alizaliwa bara, katika mji mdogo wa kwenye reli ambako babake alikuwa na duka, akaolewa Unguja, na uzeeni akaletwa Oman, nchi ambayo wazee wake waliitaja kila siku na ambayo yeye hakuiona mpaka nywele zilipokwisha kuwa nyeupe. Tulifika Birkat al Mauz mwanzoni mwa joto, mimi nikiwa na miaka saba. Baba alipata kazi Maskati, akawa anatujia Alkhamisi na kuondoka Ijumaa jioni. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu Thuraya na hatoki ndani. Kwa hivyo shughuli ya kunitia skuli ilimwangukia Bibi, ambaye hakuwahi kusoma darasani hata siku moja na ambaye Kiarabu chake kilitosha kununulia samaki, tena samaki wadogo.

Msimu ule hunirudia kwa njia ya pua. Ndizi zilizoiva zikiwa bado mkunguni, tende zilizoanikwa juu ya dari mpaka jua likazitoa asali, ndimu zilizokuwa zikikauka na kuwa nyeusi pembeni mwa ukuta, na chini ya yote hayo harufu ya udongo uliolowa, kwa sababu maji ya falaj yalipita nyuma ya nyumba yetu katika mfereji wake wa mawe, yakienda zamu kwa zamu kwenye mashamba ya watu. Hapo mferejini ndipo nilipooshea vyombo, na hapo ndipo Bibi alipokuwa akinivizia. Nikiwa nimeinama na sufuria, mara nasikia nyuma yangu sauti nzito ambayo si yake, ikiniuliza Mola wako nani, sala ya adhuhuri ina rakaa ngapi, soma Alhamdu. Nikigeuka namkuta Bibi amenyoosha mgongo, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukipapasa ndevu ambazo hakuwa nazo. Alikuwa akiigiza mwalimu wa skuli. Alikuwa na yakini kwamba hakuna mtoto anayeingia skuli bila kutahiniwa dini mlangoni, na kwamba mimi, mtoto niliyetoka Afrika na Kiarabu cha kuokoteza, ningetahiniwa mara mbili zaidi ya wenzangu.

Sikushangaa. Mtoto hashangai mpaka afundishwe kipi ni cha kushangaza. Ni baadaye sana, nikiwa chuo kikuu na nimeshajifunza kushuku kila kitu isipokuwa werevu wangu mwenyewe, ndipo nilipojiuliza kwa nini mwalimu wa Bibi alizungumza Kiswahili, tena Kiswahili cha kuvuta, kila neno limesimama peke yake, kama Mzungu aliyejifunzia kitabuni. Walimu waliokuwapo Oman siku hizo walitoka Misri, Sudani na Jordani. Hakuna hata mmoja wao aliyezungumza vile, na katika skuli ya wasichana hapakuwa na ndevu.

Palikuwa na tatizo jingine, la mikono. Sisi upande wa baba tukisali tunaiachia mikono ubavuni, kama walivyo jirani zetu wengi wa Nizwa. Upande wa mama wanaifunga kifuani, kama walivyo watu wengi wa Sur na wengi wa Unguja. Nyumbani kwetu kila mtu alisali alivyolelewa, safu moja, na chakula kilikuwa kimoja. Lakini Bibi hakujua mwalimu mwenye ndevu angependa ipi. Baada ya kufikiri siku nyingi alitoa uamuzi ambao bado nauona wa kidiplomasia kupita kiasi: nianze kwa kuachia, na nikimwona mwalimu amekunja uso, nifunge taratibu, kama mtu aliyehisi baridi. Juu ya hayo aliniongezea onyo ambalo halikuniingia akilini kabisa. "Usisome vizuri kupita kiasi," aliniambia. "Toa ulichoulizwa, nyamaza. Wanaozidisha hurudishwa nyumbani." Na nikitaka kujua mtihani utaanzaje, alisema mwalimu ataweka kalamu, atafumbata mikono mezani, atanitazama, atanyamaza. Akinyamaza tu, ndiyo umeanza.

Alkhamisi moja Baba alitukuta mferejini katikati ya masomo. Alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza mama yake kwamba skuli za hapa zinataka cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, basi, na kwamba dini mtoto hufundishwa akishaingia, haulizwi mlangoni. Bibi aliendelea kuchambua tende zilizooza na kuzitenga kwa ajili ya mbuzi.

"Mama, hii ni skuli ya serikali," Baba alisema.

"Na ile nayo ilikuwa ya serikali," Bibi akajibu.

Baba aliacha kucheka. Aliinuka, akakung'uta kanzu, akaenda ndani kumtazama mtoto mchanga. Nilingoja mtu aniambie ile ilikuwa ipi. Hakuna aliyeniambia, na nilipouliza, nilipewa sufuria nyingine nioshe.

Siku yenyewe Bibi alivaa baibui lake la hariri na kunitia mafuta mpaka usoni nikang'aa kama birika. Mudira alikuwa mwanamke wa Kimisri, mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye mnyororo. Alipokea cheti, akapokea kadi ya chanjo, akaandika. Kisha akaweka kalamu, akafumbata mikono mezani, akanitazama, akanyamaza. Pengine alikuwa amechoka tu. Pengine alikuwa anataka chai. Kwangu mimi mtihani ulikuwa umeanza. Niligeuka kumtafuta Bibi, nikamwona amerudi nyuma mpaka mlangoni, amesimama kwenye kizingiti na kushika nguzo za mlango, mkono huku na mkono huku, ametanda mlango mzima ingawa alikuwa mwanamke mdogo. Uso wake sijauona vile tena. Nikaelewa kwamba njia ya kukimbilia imefungwa, nikanyanyua sauti, nikaanza.

Mikono niliiachia. Mudira akakunja uso. Nikaifunga. Hakukunjua. Nikaiachia tena, nikaifunga tena, hata nikawa kama mtoto anayejikuna. Kisha mudira akainuka, akaja, akanishika mabega na kunigeuza taratibu kutoka kwenye friji kuelekea kibla, akarudi kukaa. Nikarukuu, nikasujudu, nikanusa ile gundi. Nilipotoa salamu, mudira alikuwa ameshavaa miwani. Aliniombea Mungu aikubali sala yangu, akagonga muhuri, na siku ya kwanza ya masomo, mbele ya mistari yote ya wasichana uwanjani, alieleza kwa sauti kuu kwamba tumepata mwanafunzi kutoka Zanzibar ambaye haachi sala ya sunna ya dhuha, ile ya asubuhi jua likishapanda, hata akiwa ofisini kwa watu. Tangu siku hiyo jina langu likawa Dhuha. Wasichana wakubwa walinipisha mlangoni na kuniuliza kama nimeshasali au bado. Niliitwa Dhuha mpaka darasa la sita, na hapo ndipo nilipoanza kukana.

Jioni ya siku ile ya kuandikishwa, Bibi hakucheka wala hakunisifu. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli karatasi imegongwa muhuri, na nilipomwambia imegongwa alichukua mkono wangu akaushika mpaka magharibi, mimi nikitamani kwenda kucheza. Nilipoanza kusoma alikuwa akikaa karibu yangu na kuniangalia herufi zikitoka, kama mtu anayeangalia maji yakifika shambani kwake. Nilijitolea kumfundisha, akakataa. Alisema zamu yake ilishapita. Alifariki nikiwa sekondari, na nikabaki na dhana yangu, niliyoisimulia kwenye karamu nyingi nikimbadilisha mhusika ili asiwe bibi yangu: kwamba Bibi zamani alipelekwa skuli fulani bara, akaulizwa dini, akashindwa kujibu, akafukuzwa. Ilikuwa dhana nzuri, yenye huzuni ya kutosha na isiyonisumbua.

Mwaka huu Ghaniya, binti wa mdogo wangu Thuraya, alinialika kwake Firq, na nilimkuta sebuleni akimwandikisha mwanawe skuli kwa simu. Mtoto mwenyewe alikuwa chini ya meza anakula biskuti. Gereji za mtaani zilikuwa zikigonga mabati nje, na Ghaniya akigonga kioo kwa kidole gumba huku akinisimulia harusi ya mtu. Nilivaa miwani nikachungulia. Jina, namba ya kitambulisho, chanjo, mtaa. Na hapo katikati, dini. Nilimuuliza anajaza nini hapo, akatazama kana kwamba ndiyo kwanza apaone. "Hapo panajijaza penyewe, Mama mkubwa," alisema, "inatoa kwenye kitambulisho." Akabonyeza, ikakubali. Mambo yote yalikwisha kabla chai yangu haijapoa, na mtoto aliyekubaliwa hakuinua hata kichwa. Nilifurahi, naapa nilifurahi. Lakini nikakumbuka ule msimu mzima wa ndizi na tende na maswali mferejini, na nikaona nimekaa na dhana muda mrefu mno kwa mtu anayejiita mdadisi. Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mmoja, Shangazi Raya wa Ibra, dada mkubwa wa marehemu Baba. Nikatoka barazani nikampigia.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza afya ya kila mtu kwa zamu, na zamu ilipokwisha nikamuuliza ile skuli nyingine ya serikali ilikuwa ipi. Akanieleza. Katika ule mji wa kwenye reli skuli ilikuwa moja, ya mapadri, lakini mshahara wa walimu na mabati ya paa vilitoka serikalini, na kodi iliyolipia vitu hivyo babake Bibi aliitoa kama wengine. Mzee huyo alitaka binti ajue kusoma ili amsaidie dukani. Alikwenda naye kuomba aingie, ila wakati wa dini atolewe nje. Padri, mtu mpole, alisema utaratibu haumruhusu, wanaingia wanaosoma dini ya pale.

"Ndevu zake mpaka hapa," Shangazi alisema, akasahau kwamba simu haionyeshi. "Akaweka kalamu, akamtazama yule mtoto, akanyamaza."

Nilisema basi Bibi alishindwa kujibu.

"Nani kakwambia alishindwa? Aliitaka skuli kama kitu gani. Jirani yake, mtoto wa Kikristo, alishamfundisha. Akasimama akasoma Baba Yetu, mwanzo mpaka amina, hakukosea hata pahala pamoja. Padri akamkubali pale pale."

Kumbe alikuwa amepita. Babake ndiye aliyemshika mkono, Shangazi alisema, akamtoa nje bila neno, akamrudisha nyumbani, na skuli haikutajwa tena katika nyumba ile. Nilisimama barazani Firq nikisikiliza mabati. Nikamwambia Shangazi jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, kwamba siku yangu mimi Bibi alisimama mlangoni akaushika mlango kwa mikono miwili, na kwamba miaka yote hii nilidhani ananizuia nisikimbie.

"Wewe ukimbilie wapi, na miguu ile?" Shangazi alisema. "Alikuwa akimzuia babake."