Lori Lililolalia Kushoto

Mtani hana adabu, na mimi sikutaka awe nayo. Fundi wangu pale mtaa wa Kambarage alikuwa Mzaramo, mimi Msukuma, basi kila nikifika gereji kwake tulitukanana kwanza ndipo tusalimiane. Aliniita mtumwa wake, nami nilimwita vivyo hivyo. Hakuna aliyekasirika, ndiyo mila.

Sasa msimu mmoja wa pamba, lori nililoendesha likaanza kulalia kushoto mbele, na tairi la upande huo likawa linalika kwa ndani. Kulika hasa, mpaka nyuzi zikaonekana, huku nje likiwa zima. Miaka ile ya sabini tairi halikupatikana ovyo. Tajiri wangu, Mhindi kijana aliyekuja juzijuzi kutoka mbali kushika biashara ya mjomba wake, alihangaika mpaka akapata jipya. Nalo likaanza kulika vilevile.

Alikuja gereji amenuna, akauliza gari lina nini. Fundi, na mdomo wake ule, akamjibu kwamba huyu mtumwa wake anapita nalo Maganzo usiku kuchekecha almasi za wizi, mashimo ya huko ndiyo yamelivunja. Mimi nikacheka. Tajiri hakucheka. Alinyoosha mkono akataka ufunguo, akasema nihame na kwenye chumba chake nyuma ya ghala, nilimoishi na mke wangu na watoto. Haki ya Mungu, nilitaka kumrukia. Nani angenipa tena lori baada ya kuitwa mwizi?

Nikamgeukia fundi. Mara ya kwanza tangu nimjue, aliacha utani. Kisha akamwomba tajiri asubiri, aone mwenyewe.

Tukashusha mzigo, tukalisimamisha lori mahali pa tambarare, tairi za mbele zikajazwa upepo sawasawa. Fundi akapima kwa kijiti toka ardhini hadi kwenye chesesi, fremu ya gari: kushoto kulikuwa chini. Akakwangua matope kwenye springi, jani moja la chuma chake likaonekana limekatika, kutu imeshaingia kwenye ufa. Akasema hiyo ndiyo sababu ya kulala, lakini tairi lina ugonjwa wake mwingine. Akapiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Kingpini, pini ya chuma ambayo gurudumu hugeukia, ilikuwa imelika, ndiyo maana gurudumu liliinama na tairi kuliwa kwa ndani. Nikasogea karibu nione. Maana kingpini ikilika, wa kwanza kuulizwa ni dereva: grisi ulitia? Nilitia kila Jumamosi. Alipofungua, tukakuta njia ya grisi imezibwa na udongo mgumu kama tofali. Grisi yangu yote ilikuwa imeishia nje.

"Huyu ametia grisi," fundi akamwambia tajiri, polepole. "Haikuingia. Ile ya Maganzo nilitania tu, sisi ni watani. Huyu si mwizi."

Tajiri aliiangalia ile kingpini, halafu akanirudishia ufunguo na kuniomba radhi. Nikakaa chini palepale kwenye mafuta machafu.

Nilipofika nyumbani, habari zilikuwa zimeshamfikia mke wangu. Magodoro yamefungwa kamba, masufuria yamo guniani. Aliuona ufunguo mkononi mwangu, akaanza kufungua kamba.