Tangi la Eliezeri

Anord aliwahi kumvunja mtu meno kwa ajili ya maiti. Ilikuwa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye kibanda chake cha kuunda malori madogo ya plastiki. Dereva mmoja mstaafu alisimama mlangoni, akayatazama yale malori yaliyopangwa rafuni, akacheka. "Fundi, tutengenezee na lile la Eliezeri mlevi." Anord alinyakua jiriwa ndogo ya mezani, ile ya kubania vipande, akampiga nayo usoni, na yule jamaa akatema meno mawili pale pale kizingitini. Waliomshika Anord walidhani anamtetea dereva wake wa zamani. Masikini, hawakujua kwamba aliyemzulia Eliezeri ulevi ni yeye mwenyewe.

Mwaka 1989 Anord alikuwa utingo, kijana wa miaka ishirini na miwili asiye na leseni, kwenye lori la pua ndefu lililopeleka petroli Zambia. Dereva alikuwa Eliezeri, Mhehe wa Kilolo, Mlutheri aliyekuwa ameapa mbele ya mchungaji kwamba ulanzi, pombe ya mianzi, ameuacha. Wakati wa kurudi, tangi likiwa tupu, Eliezeri alijilaza kwenye kitanda nyuma ya kiti akamwachia utingo usukani. Ndivyo matingo wote walivyojifunza udereva, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini kwenye mteremko wa Kitonga Anord akafanya ujuaji wa wakati ule wa kubana dizeli. Alitoa gia, akaliacha lori lishuke kwa uzito wake. Alipokanyaga breki mara ya nne upepo ulikuwa umekwisha. Akataka kurudisha gia, gia ikanguruma na kumkatalia.

Lori liligonga ukingo, likarudi barabarani, likaenda kupasuka kwenye mwamba. Tangi tupu la petroli hujaa mvuke, na mvuke ule hulipuka vibaya kuliko petroli yenyewe. Anord alikuwa majanini, mbavu tatu zimevunjika, akamsikia Eliezeri akipiga mlango kwa ndani. Alipiga kwa muda mrefu, akiita. Kisha akanyamaza.

Polisi walipouliza nani alikuwa anaendesha, mwili ulioungua ulikuwa kwenye usukani, basi hilo halikuwa na shida. Walipouliza imekuwaje, Anord akasema, "Alikunywa ulanzi Iringa." Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Eliezeri alizikwa bila kwaya. Watoto wake waliitwa watoto wa mlevi mpaka wakaacha kwenda shule ile, na mjane wake, Marta, akakataa kulijengea kaburi kwa miaka thelathini na mitano.

Tangu hapo Anord hakupanda tena lori. Alirudi Mbeya, akafanya kazi hii na ile, hadi alipokuta kwenye mtumba wa midoli boksi la gari la kuunganisha, nusu ya vipande havimo. Alikaa nalo wiki nzima, akajazia vilivyopungua kwa plastiki ya ndoo iliyopasuka. Basi akanaswa. Madereva wakaanza kumletea picha za magari yao ya ujanani naye akawaundia. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ila hasira zake, Mungu apishe mbali. Patasi, nyundo, kopo la rangi, chochote kilichokuwa karibu kiliweza kuruka.

Mwaka jana akaja Severina, binti wa Eliezeri, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama amekubali. Tunajengea kaburi mwezi wa nane. Kichwani tutaweka kidirisha cha kioo, na ndani nataka lori la baba. Wewe ndiye uliyelijua. Na umweke baba mwenyewe, hapo kwenye usukani."

Angekataa. Alifungua mdomo akatae, akasikia sauti yake ikisema ndiyo.

Lori la aina ile halipatikani katika boksi lolote, kwa hiyo alichinja matatu. Kichwa alikitoa kwenye lori la Kimarekani, akakata pua yake kwa msumeno wa chuma na kuirefusha. Chesisi ilitoka kwenye gari la jeshi. Tangi alilifanya kwa bomba la maji la inchi tatu, akalibana kwenye moto mpaka likawa na umbo la yai kama lile la zamani, akaungua vidole viwili na kuendelea. Ngazi ilikuwa waya wa breki za baiskeli, na ribiti zote vichwa vya pini, mia mbili na kitu, moja moja.

Kilichomshinda ni kidoli cha dereva. Alikigundisha kwenye usukani, akakitazama, akakiponda kwa nyundo. Akachonga cha pili. Akakiponda. Cha tano alikipiga mpaka meza ikapasuka.

"Gwe baba Happy," mkewe Tumpe alisema, "hako kadoli kamekukosea nini?"

Akamgeukia na nyundo mkononi. Tumpe naye alikuwa na mchi wa kinu, na si mwanamke wa kurudi nyuma. "Nipige. Ujaribu tu. Leo nitakuzika na magari yako."

Walitazamana hivyo, wanahema, mpaka Anord akaangusha nyundo na kukaa chini akilia kwa sauti. Kesho yake alichonga kidoli cha sita, akakilaza kwenye kitanda nyuma ya kiti, akamimina gundi nyingi kiasi kwamba hata yeye asingeweza kukitoa bila kulivunja lori. Alifanya hivyo makusudi, kwa kuwa alijijua ni mwoga.

Siku yenyewe, kule Kilolo, kwaya ilikuwepo na sare zake. Anord alisalimia kamwene kila upande, akamkabidhi lori Zabron, kaka yake Severina, mpasua mbao mwenye mikono mipana. Zabron aliligeuza akilisifu, akachungulia dirishani.

"Mbona usukani mtupu? Baba yuko wapi?"

"Nyuma. Amelala."

"Amelala? Sasa nani anaendesha?"

"Mimi," Anord akasema. "Nilikuwa naendesha mimi."

Zabron aliliweka lori juu ya kaburi taratibu, kisha akampiga. Ngumi ya kwanza ilivunja pua. Ya pili ilimwangusha kwenye rundo la mchanga, na pale chini Zabron akamkalia kifuani akaendelea, mkono huu, mkono ule, damu ikamrukia shati jeupe la kanisani. Severina alikuja mbio. Watu walidhani anakuja kuamua, kumbe alimpiga teke la mbavu, akarudia, akipiga kelele, "Watoto wa mlevi! Tumeitwa watoto wa mlevi!" Mchungaji alimvuta Zabron, akapigwa kiwiko, akakaa pembeni.

"Muacheni kwanza," Marta akasema. Alikuwa amefika na fimbo yake, miaka sabini na nane. Wakamwacha.

"Ulanzi?"

"Hakunywa, mama. Hata tone."

"Aliamka?"

Hapo Anord angeweza kumhurumia, aseme hapana, alikufa usingizini hakusikia maumivu. Neno lilimfika ulimini. Lakini uongo wa huruma nao ni uongo, na huyu bibi alikwisha kuishi na mmoja.

"Aliamka. Alinitoa kwenye kiti kwa nguvu, akanisukuma mlangoni. Alisema, 'Ruka, mtoto wa watu.' Nikaanguka nje. Akakaa yeye."

Marta aliinua fimbo akampiga nayo mdomoni. Akampiga tena. Alipiga kwa nguvu zote za mwili wake mkongwe, analia, na hakuna aliyethubutu kumshika. "Kila nikisali namlaani," alisema. "Mume wangu! Kila nikisali!" Fimbo ilipovunjika akaitupa.

"Msimamishe," akamwambia binti yake. "Awaambie wote."

Severina akamkamata kola, akamwinua, akamgeuzia kwaya na wanakijiji. Anord alisema yote kwa kinywa kilichopasuka, tangu gia hadi mlango. Watu wa nyuma wakapaza sauti kwamba hawajasikia.

Severina akaikaza ile kola. "Rudia, baba mdogo," akasema. "Na safari hii anza na jina la baba yangu."