Mkwe Kutoka Nchi ya Vilima

Baba mkwe alishuka stesheni ya Itigi akiwa na binti yake, fimbo, na mkungu wa ndizi aliokuwa ameukumbatia tangu Kigoma. Alitoka Burundi kuja kukagua mahali binti atakapoolewa. Akiridhika, harusi ipo. Asiporidhika, anarudi naye, na mimi nabaki na suti yangu.

"Shikamoo baba," nikasema. Akanishika mikono yote miwili, akauliza kitu kwa Kirundi. Binti, mchumba wangu, akatafsiri: "Anauliza kilima chenu ni kipi."

Kilima! Itigi ni tambarare na vichaka hadi macho yachoke. Kwao, mchumba alishanieleza, nchi ni ndogo, haina bahari, ni vilima mwanzo mwisho, na kila mtu ana kilima chake. Nyumba zimetawanyika huko juu, kila moja na migomba yake, na watu ni wengi hadi mashamba yamebaki vipande. Nikajibu kwamba hatuna, kwa aibu ya mtu aliyeulizwa choo na hajachimba.

Sasa baba yangu. Ni Mnyaturu wa ng'ombe, mtu mwema, lakini akianza kujisifu hata treni haimzuii. Kesho yake akatuzungusha kutwa: alizeti, mtama, malisho, mizinga ya nyuki vichakani. Kwenye mzinga wa mwisho akatanua mikono.

"Mkwe, nasikia kwenu mmebanana. Hapa nafasi bwerere! Jirani wa karibu ni kule kunakofuka moshi. Binti yako hata apige kelele siku nzima, hakuna wa kumsikia!"

Nilitamani ardhi inimeze. Binti alisita, lakini baba yake alikuwa amemkazia macho, ikabidi atafsiri. Mzee akaegemea fimbo, akasema maneno machache.

"Anasema kesho tunarudi."

"Baba, umeniua," nikamwambia kwa Kinyaturu. Maskini, alidhani amempa mgeni sifa ya mwisho.

Ndipo mzee akaeleza, binti akitafsiri. Kwao mtu akiugua, au nyumba ikishika moto, unasimama mlangoni unapiga yowe, na watu wa kilima cha pili wanaitikia, wanakuja mbio. "Mwanangu hajawahi kuita akakosa mtu. Hapa atamwita nani?"

Nilitaka kusema kuna simu, nikakumbuka mtandao wetu haushiki. Niliogopa, nasema kweli.

Baba akavua kofia, kitu ambacho huwa hafanyi nje ya kanisa.

"Mwambie nimeongea upuuzi," akasema. "Mwambie nyumba yao nitaijenga ndani ya boma langu, mlango kwa mlango. Akiita, nitaitika mimi. Nisipokuwepo, ataitika mke wangu. Sisi hatukujaliwa binti. Mwambie na hilo."

Binti akatafsiri. Mzee akamtazama baba yangu juu hadi chini, kisha akamgeukia mwanawe na kusema neno moja tu. Binti akajifunika uso kwa khanga, akaanza kulia.

"Amesemaje?" tukauliza kwa pamoja, mimi na baba.

"Amesema nibaki."