Kisu cha mume wangu na pacha wake wa Biharamulo

Ngara, Jumatano

Dada Admin,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi pokea salamu tu. Naomba ufiche jina langu, maana huku Mabawe tunajuana mpaka kwa kikohozi.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mmoja. Watoto wangu watatu ni watu wazima. Mume wangu alifariki mwaka jana wakati wa kuvuna maharage. Alikuwa mkulima wa kahawa, mpole, asiyependa maneno mengi.

Alikuwa na kisu cha kukunja. Mpini wake ulikuwa wa rangi ya maziwa, umechorwa tairi jekundu na tangazo: TAIRI LISILOCHOKA. Alikipata enzi zile akiwa utingo wa lori lililopeleka unga Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi. Mwenye lori alikuwa navyo viwili, zawadi ya kampuni ya matairi iliyokufa zamani, akampa vyote. Nilipomuuliza cha pili kiko wapi, alinijibu, "Kilidondoka Benaco. Nani angekiona kwenye umati ule?" Nikaamini. Nimeamini miaka ishirini na tisa.

Kwetu mwanaume hamenyi ndizi. Lakini nilipojifungua mtoto wa pili nikaumwa, alikuwa anafunga mlango wa jikoni na kunimenyea kwa kisu kile, anakata vipande vinene kama mtoto anayejifunza. Jirani akipiga hodi, anakitia mfukoni na utomvu wake. Suruali yake ya kaki ina doa jeusi mfukoni mpaka leo. Sijaigawa.

Wiki iliyopita tulimaliza msiba. Wazee wa ukoo waligawa vitu vyake vya mkononi: panga kwa mwanangu, fimbo kwa shemeji, kisu kwangu. Kisu kilipotajwa, mwanamke mmoja mgeni mwenye ushungi alianza kulia. Jina la marehemu lilikuwa limetajwa mara nyingi, hakulia. Alilia kwa kisu.

Nikamgeukia wifi yangu. "Yule ni nani?"

"Kula ndizi, wifi, zinapoa."

"Nakuuliza."

"Ni yule wa Biharamulo, wa kabla yako. Wazee walikataa, huku msalaba, kule msikiti. Yameisha hayo. Mbona unatoa macho kama umekanyaga siafu?"

Watu walipoanza kuondoka, yule mwanamke alinifuata jikoni. "Pole sana, dada," akasema, akafungua kitambaa. Ndani kilikuwamo kisu kile kile. Tairi jekundu linang'aa, maneno yote yanasomeka.

"Alinipa siku tuliyoachana," akasema. "Sijawahi kukata nacho hata chungwa. Nilikuwa nakuomba tubadilishane. Wewe chukua hiki kizima, mimi nipe kile chake kilichochakaa. Usinijibu leo. Kaa na hiki, nitapita Jumapili."

Akaniachia, akaondoka. Aliniamini, dada, na hapo ndipo aibu yangu inapoanza.

Jumatatu nilivipeleka vyote viwili mjini Ngara kwa fundi saa anayenunua vitu vya zamani. Aliweka kioo jichoni, akaangalia kwanza muhuri wa mtengenezaji pale ubapa wa kisu unapoingia kwenye mpini. Akasema ni vya kiwanda kimoja. Akavifungua na kuvifunga kusikiliza springi. Kisha akainua cha mume wangu.

"Mama, hiki kimenolewa mpaka kimebaki jani la mgomba. Tangazo limefutika, limebaki neno TAIRI tu. Hiki ni bei ya kuku. Lakini hiki kingine ni bei ya mbuzi, tena mbuzi mwenye mimba! Vitu hivi vinathaminiwa kwa maandishi na kwa ubapa ambao haujaliwa na jiwe. Usikinoe. Na nyie akina mama na majivu yenu, usikisugue."

Watoto wamenicheka. "Mama, mtu anakupa mbuzi achukue kuku, na wewe unafikiri?"

Hawaelewi. Kilichoniuma si bei. Kwanza iliniuma kwamba kizima alimpa yeye. Halafu, usingizi ulipokataa, ikaniuma zaidi kwamba yule mwanamke anajua kipi ni cha thamani. Anataka alama ya kidole gumba cha mume wangu, pale tangazo lilipofutika. Alama ile ni ya nyumba yangu. Ni ya ndizi zangu. Angekuwa hawara ningemtukana nikapumua, lakini alitangulia tu, na hana kosa.

Jana asubuhi nilikuwa nasugua masufuria. Nikakichukua kisu cha yule mwanamke, nikachovya kitambaa kwenye majivu, nikasugua. Sikusahau maneno ya fundi. Nilisugua kwa sababu niliyakumbuka. Neno LISILOCHOKA lilipoanza kufifia, nikatupa kitambaa, nikakaa chini nikalia. Sasa lipo nusu. Hakuna anayejua isipokuwa Mungu, na sasa ninyi.

Jumapili anakuja. Nishaurini, ndugu zangu. Nikimpa kile cha marehemu, nitabaki na nini mkononi? Nikimnyima, nitamrudishia kitu chake nimekiharibu, na ndicho pekee alichopewa na mwanaume aliyekuwa wangu miaka yote hiyo. Au nimwambie ukweli kwanza, kabla hajaketi?

Na mkisali, mnikumbuke. Msiponijua jina, semeni tu: yule aliyemenyewa ndizi vipande vinene. Mungu atajua ni nani.