Gari Lililoona Baridi Garissa

Nilipopata barua ya kuhamishiwa shule moja ya Garissa, watu wa kwetu Kinangop walinionya kuhusu mambo mengi, lakini kila walipomaliza walirudi kwenye joto. Mama alinifungashia kofia mbili. Jirani yetu mmoja, ambaye maisha yake yote hajafika mbali kuliko Naivasha, aliniapia kwamba Garissa mtu hukaanga mayai juu ya boneti. Kwa hiyo nilipovuka daraja la Tana na kigari changu kidogo, ambacho kilikuwa kimeshapita mikononi mwa watu wawili kabla yangu, nilikuwa naogopa kitu kimoja tu. Nilichungulia mshale wa joto kwenye dashibodi kila baada ya dakika mbili, kama mtu aliyebandika maziwa motoni.

Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa fundi, wiki yangu ya kwanza. Gereji yake iko mtaa wa Galbet. Ni mtu mzima, mpole, ndevu zake zimetiwa hina, na hana haraka na jambo lolote. Alifungua boneti, akatazama, akauliza ninatoka wapi. Nilipomwambia alitikisa kichwa.

"Hii gari ya Kenya," alisema. "Lazima tuitahiri."

Huko wenyeji wakisema Kenya wanamaanisha kwetu, ng'ambo ya daraja, na baada ya mwezi mmoja nami nilikuwa nasema hivyo hivyo bila kuona kichekesho. Fundi alinieleza kwamba ndani ya injini kuna kidude kinachoitwa themostati, kazi yake ni kuyazuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto. Kwenye baridi kidude hicho kina faida. Garissa, alisema, kinakula mshahara wa bure tu. Mimi ni mwalimu wa serikali, nilicheka kidogo, halafu nikaacha. Alikitoa. Kisha akaunganisha feni moja kwa moja na ufunguo, ili ianze kuzunguka pale pale gari linapowashwa, na waya wa ile sensa inayopima joto akaukata kabisa. Nani anahitaji mashine ya kumwambia kwamba Garissa kuna joto?

Si kwamba nilikubali tu. Nilimshukuru, nikalala vizuri, na muhula huo niliwapeleka walimu wageni wawili kwake wakafanyiwe hivyo hivyo.

Wiki tatu mambo yalikuwa shwari. Ya nne, gari likaanza kukataa kuwaka asubuhi. Mchana, likishatembea, lilikuwa halina neno. Lakini alfajiri stata ilizunguka na kuzunguka, injini ikakohoa, ikatoa harufu ya petroli na moshi mweusi, ikanyamaza. Gari lililokuwa likiwaka mara moja Kinangop, asubuhi ambazo majani yameganda kwa jalidi, lilinigomea katika mji ambao watu hulala nje kwa sababu ya joto.

Ushauri haukunipungukia. Wanasema penye wengi hapaharibiki neno, lakini waliosema hivyo hawakuwahi kufungua boneti barabarani Garissa. Mmoja alisema betri, nikanunua betri. Mwingine alisema plagi, nikabadilisha, na gari likawaka siku nne, ya tano likarudia tabia yake. Wa tatu alilaumu petroli. Mwalimu mwenzangu wa dini alifikiri ni kijicho, maana nilikuwa nimeliosha likang'aa siku ya Ijumaa, mbele za watu. Fundi wangu mwenyewe alikuja mara mbili, akasikiliza kwa adabu, akasema bila shaka linaumwa na joto.

Waliokuwa wakiniokoa ni wazee wa msikiti ulio kwenye kona yetu. Walipotoka kuswali alfajiri walinikuta nimekaa kwenye usukani, wakakunja mikono ya kanzu, wakasukuma. Hatua thelathini hivi, naachia klachi, gari linaamka. Hawakutaka shukrani, walisema thawabu ni zao. Mwishowe walikuwa wakitoka mlangoni wameshakunja mikono tayari, na siku moja gari lilipowaka lenyewe kwa bahati, mmoja wao aliniangalia kama mtu aliyenyimwa kitu chake.

Mwenye nyumba niliyopanga alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu. Nilimwita ayeeyo, yaani bibi, kama kila mtu pale uani. Alikulia nyuma ya ngamia, upande wa Wajir, na mjini alikuja akiwa mama mzima. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alitofautisha mwanga na kivuli, basi. Mimi alinijua kwa sauti na kwa ndara zangu. Kitanda chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta nilipoegesha gari, kwa hiyo tabu yangu yote ya asubuhi aliifuata kama watu wengine wanavyofuata habari redioni.

"Mwalimu," aliniambia siku moja, "gari yako inaona baridi. Ngamia akinyeshewa usiku anakohoa hivyo hivyo."

Nilicheka, na binti yake, anayefanya kazi ya ukarani na kuishi naye, alicheka pia. Ukiambiwa na kipofu kwamba kuna baridi Garissa, unafanya nini?

Basi zikaja habari kwamba madaktari wa macho wangekuja hospitali ya mjini kwa siku chache, kutoa mtoto wa jicho. Binti aliandikisha jina la mama yake. Siku yake ilikuwa Jumatano, na alitakiwa awe pale saa moja asubuhi. Asiyekuwepo jina linakatwa, na hakuna aliyejua madaktari watarudi lini. Nilijitolea kumpeleka. Ayeeyo aliweka chini kikombe chake cha chai ya maziwa ya ngamia, akauliza kama daktari huyo amewahi kukosea. Mwanamke aliyewahi kuchunga ngamia peke yake porini alikuwa anaogopa kisu cha daktari, na hakuwa tayari kulisema neno hilo mbele yetu.

Jumatatu jioni alitoa uamuzi, p zake nyingine zikigeuka b kama kawaida yake.

"Jumatano gari ya mwalimu ikiwaka yenyewe, nitaenda. Yenyewe, mwalimu. Watu ya msikiti wasiguse. Isibowaka, basi, Mungu hajaandika."

Binti alitaja bajaji, akataja gari la jirani, akataja mengine. Ayeeyo alisema neno limeshatoka. Kwa mtu wa umri wake neno likitoka limetoka. Mimi na binti tuliangaliana, maana tulielewa. Katika mji mzima wa Garissa bibi alikuwa amechagua gari moja ambalo unaweza kulitegemea kwamba halitawaka, na mwamuzi akawa Mungu, asiye na rufaa.

Nilikasirika. Sikuwa na haki ya kukasirika, macho si yangu, lakini usiku huo nililala vibaya. Nilijiona ninafanya kazi ya kumnyima mtu macho, kwa gari ambalo nilikuwa nikilitengeneza kila wiki.

Jumanne nilirudi kutoka shuleni saa kumi na plagi mpya mkononi. Ayeeyo alikuwa kivulini, tasbihi inatembea vidoleni. Nilianza kulalamika, zaidi kwa nafsi yangu: kwamba fundi amesema ni joto, kwamba betri ni mpya, kwamba sijui nini tena kimebaki. Nafikiri angeweza kunyamaza, na kama angenyamaza, mambo yangeisha alivyotaka. Lakini mfugaji hawezi kukaa kimya mbele ya mtu anayemtibu mnyama vibaya.

"Fundi yako hana masikio," alisema. "Wewe ulibofika hapa, asubuhi gari ilikuwa inanyamaza, inawaka. Ile upepo ya ndani ilikuwa inalia jioni, ukirudi. Halafu ukaenda Galbet. Ukirudi, upepo inalia kwanza, kabla ya injini. Toka siku hiyo inakohoa. Mnyama ana baridi, na wewe unampepea."

Tasbihi ilisimama. Nafikiri ndipo alipotambua amenipa nini.

Nilibaki nimesimama na plagi zangu. Betri nilishaishuku, na petroli, na hata wivu wa majirani. Kitu pekee ambacho sikuwahi kukishuku ni kile nilichokiomba na kukishukuru, ile kazi ya Galbet, feni na waya wake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekishona mwenyewe.

Gari lilikuwa bado moto kutoka shuleni, likawaka, nikaenda Galbet. Fundi alinisikiliza na kuuliza kwa upole kama mimi ni mzima. Baridi, Garissa? Nikamwambia afungue plagi tu. Zilikuwa nyeusi tii na zimelowa petroli. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaingia chini kutafuta ule waya aliokata, na alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Waya ikikatwa," alisema polepole, "kompyuta ya gari inafikiri iko kwenye barafu. Inamwaga betroli nyingi, ili ibate moto."

Kumbe miezi yote ile gari langu lilikuwa linaamini halijatoka Kinangop. Tena Kinangop mbaya kuliko ile ninayoijua.

Themostati yangu hakuwa ameitupa. Alileta kopo kubwa la maziwa ya unga, akalimwaga juu ya gunia, na zikatoka themostati za kila aina: za walimu, za wauguzi, za maafisa, kila mtu aliyevuka daraja na hofu yake. Yangu ilikuwa ipi hakukumbuka. Alijaribu mbili hazikuingia, ya tatu ikaingia. Kabla ya kuifunga tuliitumbukiza kwenye sufuria yake ya chai, ambayo ilikuwa na maji yanayochemka, tukaitazama ikifunguka polepole. Tukaitoa, ikajifunga. Akaridhika. Aliunganisha waya, akairudisha feni kwenye njia yake, akaweka plagi mpya. Pesa alikataa. Aliniomba tu nisiwaambie wale walimu wawili niliompelekea, atawaita mwenyewe.

Jumatano, saa kumi na mbili kasoro, ayeeyo alikaa kiti cha mbele, buibui limenyooshwa, uso umekazwa. Binti alikaa nyuma. Wazee walitoka msikitini, mikono imekunjwa kama kawaida. Niliwaomba wasiguse gari, nikawaeleza kwa nini. Wakasimama kando, watano, na kwa mara ya kwanza walikuwa hawana kazi. Niliona midomo yao inatembea. Sijui waliomba liwake au lisiwake.

Niligeuza ufunguo. Stata ilizunguka mara moja, nafikiri mara moja na nusu, na injini ikawaka. Haikukohoa wala kutoa moshi. Ilinguruma taratibu, na zaidi ya hiyo palikuwa kimya.

"Ile upepo hailii," alisema ayeeyo.

"Hailii, ayeeyo."

Nilikuwa nimeshinda, na nilitarajia kufurahi, lakini tulipofika kwenye lami ndipo hofu ilinishika. Kama daktari angekosea, kama ule mwanga kidogo aliokuwa nao ungepotea, ningekuwa nimemnyang'anya mimi kwa werevu wangu wa plagi na waya. Nikamtazama. Alikuwa ameshika upindo wa mkono wa nguo yangu, ameushika tangu nyumbani, na sikuwa nimesikia.

"Endesha bole bole," alisema. Nikaendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Kesho yake walifungua bandeji ya jicho la kwanza. Aliangalia ukuta, akaangalia dirisha, akamwangalia binti yake kwa muda mrefu akimshika kidevu, na wote wawili wakalia. Mimi nililia pia, ingawa hakuna aliyenihusisha. Halafu akanigeukia. Alinichunguza kuanzia kofia hadi ndara.

"Kumbe wewe ni mtu mzima," alisema. "Sauti yako ni ya msichana."

Nje alisimama mbele ya gari langu, akauliza ni hiki kidogo hivi ndicho kilichokuwa kinaamsha mtaa mzima.

Miezi imepita. Juzi asubuhi gari likagoma tena. Stata ilizunguka, ikachoka, ikanyamaza. Sikwenda kwa fundi wala sikumwita mwalimu wa dini. Nilimwita ayeeyo, ambaye sasa ana macho yote mawili, nikamwomba aje asikilize. Alitoka na shali lake, akasimama mbele ya kioo, nikageuza ufunguo mara tatu, nne. Kisha akalizunguka gari lote. Alisema tairi la nyuma limeisha. Alisema kioo kichafu, mwalimu mzima anaendeshaje na kioo kama hicho.

"Lakini linasikikaje, ayeeyo?" niliuliza. "Ni baridi, au ni nini?"

Alifuta kioo kwa upindo wa shali.

"Sijui," alisema. "Sikusikiliza. Nilikuwa naangalia vile unakunja uso."

Nikakunjua uso, nikashuka, nikaenda kwenye kona kuwasubiri wazee watoke kuswali.