Upande wa Kupinga

Idara yetu ya Historia na Uraia ina walimu watatu, na mimi ndiye mkuu wake, cheo kisicho na ofisi wala kiti. Tulichonacho ni klabu. Tumewapeleka watoto Kondoa kuona michoro ya miambani, tumeendesha bunge la wanafunzi ambalo spika wake alimtoa nje mwenzake kwa kutafuna bigijii, na kila mahafali ya kidato cha nne tunafanya mdahalo mbele ya wazazi. Mdahalo ndio uliokuwa fahari yangu. Siku hizi neno hilo sitaki hata kulisikia.

Mada ya mwaka jana niliitunga mwenyewe: shule za bweni za mbali zimelijenga taifa letu kuliko zilivyoliumiza. Kila mwanafunzi alitaka kuunga mkono, maana hoja za upande huo zimejaa vitabuni. Upande wa kupinga ukabaki umepwaya, na mimi sipendi mdahalo uliopwaya mbele ya wageni, unaniaibisha. Nikamchukua msemaji wangu bora, binti wa Ihanja ambaye hamu yake kubwa ilikuwa kwenda kidato cha tano, popote atakapopangiwa, nikamhamishia huko.

"Lakini madam, mimi siamini hivyo," aliniambia.

Nilimjibu kwa ukali kwamba kwenye mdahalo hatuulizani nani anaamini nini. Kisha nikamfundisha, na kufundisha najua. Nilimwambia aachane na mambo ya vitabuni, awaguse watu. Amchague mzazi mmoja kwenye viti vya mbele, amtazame huyo tu, azungumze naye kama vile wamekaa wawili jikoni.

Alimchagua baba yake.

Baba yule ni mkulima wa alizeti, mgane, aliyewalea watoto wake peke yake tangu huyu binti akiwa darasa la pili. Alikuja amevaa koti zito, na jua lilikuwa kali. Binti akasimama mbele yake, akasema: "Nikiugua huko mbali, nani atajua kwamba mimi nikiugua huwa sisemi, najifunika tu kanga? Nikirudi likizo, nitapokelewa kama mgeni. Mtaniita msomi, lakini nani atakuwa ananijua?" Vigelegele vikalipuka, na mama mmoja akaja kumtunza binti kwa kumfunga kitenge kiunoni. Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilinyakua kipaza sauti, sifa zimenijaa mpaka kooni, nikasema, "Wazazi wetu, mmesikia wenyewe. Tuwasikilize watoto wetu!"

Mwaka huu, uchaguzi wa kidato cha tano ulipotoka, binti alikuwa amepangiwa shule ya bweni kule Kagera. Nililitangaza jina lake mstarini ili wadogo zake waone mfano, kisha nikaendelea na shughuli zangu. Sikupiga simu kuuliza kama ameondoka. Sikuwa na sababu ya kutopiga, ni uvivu tu wa mtu aliyekwishapata makofi yake.

Mwezi Agosti nilipanda basi kwenda Singida Mjini. Liliposimama Ihanja, wauza mafuta ya alizeti wakajaa dirishani na chupa zao, na mmojawapo alikuwa yeye.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Wewe! Si uko Kagera?"

"Sikwenda, madam. Nafasi yangu wameshampa mwingine."

Nilishuka hapohapo na mkoba wangu. Njia nzima ya kwenda kwao nilikuwa nachemka. Nilishamhukumu yule baba kichwani: mchoyo, mshamba, anamfuga mtoto ili amuuzie mafuta. Alinipokea kwa mikono miwili, na kabla sijakaa akaagiza jogoo akamatwe.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kuuliza, kwa nini mtoto hakwenda shule?"

Alinishangaa. "Marahaba, mwalimu. Si alisema mwenyewe? Mbele yenu wote?" Akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Mimi tranka nilikuwa nimeshamnunulia. Kumbe mwenzangu anaogopa kwenda, na hapa nyumbani anashindwa kuniambia, mpaka alipopata nguvu kule kwenu. Nilirudi nikalia, mwalimu. Ilipokuja habari ya Kagera nikamwambia, mwanangu, nilikusikia, usihangaike, hutakwenda."

Nikamweleza. Nilisema ule ulikuwa mdahalo, kwamba mtu hupewa upande na kuutetea hata kama haupendi, na kwamba upande ule mimi ndiye niliyempa. Hata masikioni mwangu ilisikika kama tunawafundisha watoto kudanganya kwenye mkutano wa hadhara. Alinisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama vilevile kama siku ya mahafali.

Akamwita binti kutoka jikoni. Alimuuliza kwa Kinyaturu, kisha akakumbuka kwamba mimi ni wa Kinampanda na lugha hiyo siijui, akarudia kwa Kiswahili.

"Ulikuwa unataka kwenda?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

Binti alinitazama mimi kwanza, halafu akatazama chini. "Ulikuwa umeshasema umenisikia, baba. Ningesemaje tena?"

Yule mzee alijipangusa uso kwa kiganja, mara mbili tatu, akasema amemkosea mtoto. Nikasema hapana, mzee, ni mimi. Yeye akamwambia binti alete maji, mgeni anawe.

Binti alinimiminia maji polepole bila kuniangalia. Nilitaka kuaga, lakini mtu haondoki mezani kwa watu jogoo akiwa amechinjwa kwa ajili yake. Baba akaitafuta firigisi kwenye bakuli, kipande chake yeye mwenye nyumba, akaiweka kwenye ugali wangu.

"Kula, mwalimu," alisema. "Na asante. Ulimfundisha kusema vizuri."